Nasaba na Sitara

Habari za wafalme wa kwanza wa Kilwa zimehifadhiwa katika maandiko mawili makubwa. La kwanza ni la Kireno. João de Barros alilitia katika kitabu chake cha Décadas da Ásia, kilichopigwa chapa mwaka 1552, naye alieleza kwamba amelitoa katika tarehe ya wafalme wa mji wenyewe. La pili ni la Kiarabu. Nakala yake ilifanywa Unguja mwaka 1877, ikapelekwa Uingereza, na kuchapishwa huko mwaka 1895. Maandiko haya hupatana katika mengi. Yote mawili yasema kwamba ukoo wa wafalme ulitoka Shiraz, na yote mawili yasema kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Lakini katika jambo moja yanaachana. Barros asema kwamba Ali, aliyekuja kukaa Kilwa, alikuwa mmoja wa watoto saba wa kiume wa mfalme; ndugu zake sita walizaliwa na mke wa ukoo bora wa Kiajemi, bali yeye alizaliwa na mjakazi wa Kihabeshi, na kwa sababu hiyo nduguze walimdharau mpaka akaiacha nchi yake. Andiko la Kiarabu halimjui mjakazi huyo. Ndani yake husafiri baba na wanawe sita katika vyombo saba, kila mmoja akashuka katika bandari yake, wala hakuna anayedharauliwa na mwenziwe.

Msomaji mwenye haraka atauliza ni lipi katika haya lililo la kweli. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kujua nani alisema, alimwambia nani, na alitaka nini kwa kusema. Tarehe ya Kiarabu iliandikwa katika karne ya 16 na mtu aliyeitumikia heshima ya nyumba ya ufalme. Ile ya Barros ilipitia mikononi mwa Wareno, walioingia Kilwa kwa nguvu mwaka 1505, ambao hawakuwa na sababu ya kuifichia nyumba hiyo lolote, na huenda walikuwa na sababu ya kuipunguzia. Hivyo mmoja aweza kuwa amefuta, na mwingine aweza kuwa ameongeza. Hata ushahidi wa chuma hausaidii hapa. Jina la Ali bin al-Hasan si la hadithi tupu, kwani limepigwa juu ya sarafu. Na mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, na jina lake likaonekana miongoni mwa majina yaliyomo. Sarafu za kigeni zilizokuwa pamoja nazo zilionyesha kwamba mtu huyo alitawala mapema kuliko alivyokadiria Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Basi Ali aliishi. Lakini sarafu hutaja mtu na baba yake. Juu ya mama haisemi neno.

Mfano huu umewekwa mbele kwa kuwa taabu zote za kuchungua historia ya ukoo katika pwani ya Afrika ya Mashariki zimo ndani yake: wino unaoshindana na wino, heshima inayosimama mlangoni mwa ushahidi, na mwanamke mtumwa ambaye kwa wengine ni habari na kwa wengine ni aibu.

Nasaba katika pwani haikuwa pambo. Ilikuwa mali. Kwa nasaba mtu alirithi, kwa nasaba aliomba wakfu, kwa nasaba aliposa. Maana wazee walitazama kufu, na binti wa ukoo fulani hakuozwa kwa mtu ambaye babu yake hakujulikana. Serikali za kikoloni zilipokuja, ziliiongezea nasaba bei. Mombasa, sheria ziliwagawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uligusa kodi na, baadaye, haki ya kupiga kura. Thenashara Taifa walitumia miaka mingi wakidai wahesabiwe pamoja na Waarabu. Unguja na Pemba, sensa ya mwaka 1924 iliwahesabu watu waliojiita Waswahili kwa makumi ya maelfu. Ile ya mwaka 1931 iliwakuta elfu chache tu. Hapakuwa na tauni iliyowaua. Neno Mswahili lilikuwa limekwisha kunuka utumwa, na waliokuwa wakiitwa hivyo walijiandikisha Washirazi, Wahadimu, Watumbatu au Waarabu. Mchunguzi akikuta babu aliyeandikwa Mswahili katika karatasi moja na Mshirazi katika nyingine iliyofuata baada ya miaka 7, asifikiri kwamba amewapata watu wawili. Wala asifanye haraka kusema kwamba amempata mwongo.

Kanuni ya kwanza ya kazi hii, basi, ni kuhesabu vinywa, si kurasa. Habari za Pate zafundisha jambo hili vizuri kuliko nyingine. Ziko nakala kadha wa kadha za tarehe ya wafalme wa Kinabahani. Stigand alitoa moja mwaka 1913, Alice Werner akachapisha nyingine mwaka uliofuata, na nyingine zikabaki katika maktaba. Mtu akizipanga mezani ataona mashahidi wengi wanaokubaliana kwamba Wanabahani walifika Pate katika mwaka wa 600 wa Hijra, ambao ni 1203 au 1204. Lakini zikifuatwa mpaka chanzo, karibu zote humrudia mtu mmoja, Bwana Kitini, aliyekuwa wa ukoo huo huo, naye alisimulia kwa moyo kwa sababu kitabu cha asili husemwa kwamba kilipotea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji. Mwaka 1969 Chittick aliandika kwamba tarehe hiyo ya mwanzo haipatani na yaliyotoka ardhini. Waliochimba baada yake waliukuta mji una umri mkubwa kuliko alivyodhani yeye, bali umri wa mji si uthibitisho wa orodha ya wafalme. Bwana Kitini hakustahili kuitwa mzushi. Alihifadhi kilichokuwa kikipotea, na pwani yote ina deni kwake. Ila shahidi mmoja akinakiliwa mara saba ni shahidi mmoja.

Masimulizi ya mdomo yana sheria zake, na nyingi zimo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina hesabu ya vizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kining'ina. Baada ya hapo neno la kila siku hakuna, na aghalabu kumbukumbu nayo husimama karibu na hapo. Mzee anayetaja babu kumi na mbili bila kusita huenda anasoma shajara iliyotundikwa ukutani, au aliyoisoma utotoni. Hilo si kosa, lakini lazima aulizwe. Tena maneno ya ujamaa ni mapana. "Babu" aweza kuwa baba wa baba, au ndugu wa baba wa mama, au mzee wa mtaa. "Ndugu" ni neno la kutumainiwa katika mazishi, si katika shajara, mpaka muulizaji aulize kama walikuwa wa tumbo moja, au wa baba mmoja, au walinyonya ziwa moja. Na kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu, mlolongo wa Ali bin Hamisi bin Ali bin Hamisi hupungua kwa urahisi kizazi kimoja au hata viwili, na mtu wa karne moja akabebeshwa matendo ya mtu wa karne nyingine.

Miaka nayo yataka uangalifu. Miaka 100 ya Hijra ni kama 97 ya jua, na anayejumlisha vizazi vinane kwa hesabu moja na kuvipima kwa nyingine atakosea kwa miaka isiyo haba. Wazee wengi hawakuzaliwa katika tarehe. Walizaliwa katika mambo. Walizaliwa kabla ya kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja mwezi wa Aprili 1872, au walikuwa wanatambaa mizinga ilipopigwa juu ya jumba la Sultani tarehe 27 Agosti 1896. Ushahidi wa namna hii ni mzuri mno, mara nyingi mzuri kuliko umri ulioandikwa na karani aliyemtazama mtu usoni na kukisia.

Na hao makarani? Karatasi zao huaminiwa kupita kiasi, pengine kwa sababu zina muhuri. Mwaka 1860 na 1861 Rigby, balozi wa Kiingereza Unguja, aliwaachisha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza, na orodha ikaandikwa. Baada ya amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, watumwa walikwenda mahakamani kuomba uhuru wao, na madaftari yakajaa. Kwingine ziko daftari za ubatizo za misheni: Bagamoyo tangu 1868, Mbweni na Frere Town tangu miaka ya 1870. Hizi ni hazina. Lakini majina yaliyomo, Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka, Zafarani, yalikuwa majina ya kupewa na bwana. Mabruki kumi wa mwaka mmoja ni watu kumi. Kabila lililoandikwa aghalabu ni jina la njia aliyopitishwa mtu, maana "Mnyasa" aliitwa yeyote aliyeletwa kutoka upande wa ziwa hilo, awe wa lugha gani. Mtu mmoja aliweza kuwa na majina matatu katika maisha yake: aliloitwa kwao, aliloitwa utumwani, na alilobatizwa nalo. La kwanza ndilo lisiloandikwa mara nyingi, nalo ndilo ambalo wajukuu hulitafuta.

Hapa ndipo jambo zito linapoanza. Mchunguzi afuataye kanuni hizi zote kwa uaminifu, siku moja atafungua daftari na kukuta kwamba babu wa nyumba moja yenye heshima, inayotumia nisba ya Kiarabu, aliachwa huru na mtu mwenye nisba ile ile. Wajukuu hawajui, au wanajua na hawasemi. Afanye nini?

Kwanza ajue sheria ya mambo anayoyasoma. Mtumwa aliyeachwa huru, katika fikihi, hufungamana na bwana wake kwa uhusiano uitwao walaa. Huhesabiwa katika himaya ya ukoo ule, na akifa bila warithi, bwana au watoto wa bwana waweza kumrithi. Kulitumia jina la ukoo katika hali hiyo hakukuwa lazima wizi wa nasaba; kulikuwa kutaja mahali pa mtu katika jamii. Ni kweli kwamba dini yakataza mtu kujinasibisha kwa damu isiyo yake; Kurani yenyewe, katika Sura ya 33, aya ya 5, yaagiza hata watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Lakini nisba na damu ni vitu viwili, na mchunguzi apigaye kelele kwamba amefichua uongo huenda amefichua ujinga wake mwenyewe. Jina lilikuwa la kweli. Maana yake ndiyo iliyobadilika mdomoni mwa wajukuu, baada ya daraja ya walaa kusahauliwa na jina kubaki peke yake.

Pili azingatie kwamba aibu hii haikugawanywa kwa haki tangu mwanzo. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto wake waliobaki walikuwa wa masuria, na sheria haikuwapunguzia kitu. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni huru na mrithi sawa na mwingine. Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, mama yake alikuwa Mhabeshi. Dada yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1886 juu ya mama yake Jilfidan, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi za Kaukasi, naye aliandika kwa mapenzi, bila kuinamisha kichwa. Binti wa Sultani aliweza kusema mama yangu alinunuliwa. Mjukuu wa mchuma karafuu hakuweza, kwa sababu yeye hakuwa na baba wa kumfunika. Hivyo wanaosema kwamba kutaja utumwa ni kuvunja heshima hawasemi kweli yote. Heshima ya wengine ilivunjwa zamani, na kimya kililinda zaidi walionunua kuliko walionunuliwa.

Hata hivyo sitara si neno la kuchezewa. Katika adabu ya pwani, kumsitiri mtu ni wema, na kumvua nguo mbele ya watu ni ubaya hata kama yote yasemwayo ni kweli. Mtu aliye hai anao mamlaka juu ya habari zake. Mchumba anayeweza kukataliwa, mzee anayeweza kutukanwa barazani, mtoto anayeweza kutaniwa shuleni, hawa si ushahidi, ni watu. Kwa sababu hiyo sitara ni mali ya yule asitiriwaye. Si mali ya mchunguzi, wala si mali ya mkubwa wa ukoo atakaye kumfunika nyanya yake ili yeye mwenyewe asionekane. Mkubwa wa ukoo akisema, "Hili usilichapishe maadamu niko hai," husikilizwa. Akisema, "Andika kwamba mama yake alikuwa binti wa sheikh," hasikilizwi. Kunyamaza kunaruhusiwa, kuzua hakuruhusiwi, hata kwa nia njema, maana atakayekuja baada ya miaka 60 hatakuwa na njia ya kutenga alichokisoma mwandishi na alichoombwa akiseme.

Madhara makubwa ya kuzua huwaangukia wanawake. Amri ya mwaka 1897 iliwaacha nje masuria, na hawakupata haki hiyo ya kuomba uhuru mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo katika madaftari ya miaka ile kumi na miwili, mama za watu wengi hawamo. Shajara nazo, kwa desturi, hupanda kwa baba. Mwanamke aliyeletwa kutoka Uyao au Umanyema, akazaa watoto saba katika nyumba ya mawe, hukosekana katika daftari kwa sababu ya sheria, na katika shajara kwa sababu ya desturi. Akikosekana pia katika kitabu cha mchunguzi, kwa sababu ya adabu, hakuna mahali alipobaki. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuiacha nafasi yake wazi na kuandika ndani yake kile kinachojulikana na jinsi kinavyojulikana. Kwa huyo Ali wa Kilwa nafasi ingesomeka hivi: mama, kwa kauli ya Barros, mjakazi wa Kihabeshi, katika tarehe ya Kiarabu hakutajwa, jina lake halikuandikwa popote.

Katika miaka hii ya karibuni umeongezeka ushahidi ambao wazee hawakuuota, nao ni wa vinasaba, neno ambalo Kiswahili kimelitoa katika nasaba yenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Ilionekana kwamba, katika wengi wa watu wa pwani, sehemu kubwa ya urithi wao, mara nyingi zaidi ya nusu, ilitoka kwa mama wa Kiafrika. Na kwamba sehemu iliyotoka Asia ilikuja hasa kwa wanaume, wengi wao Waajemi, kuchanganyika kukiwa kumeanza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 damu ya Bara Arabu ikazidi. Wengi waliocheka madai ya Ushirazi walilazimika kutulia. Na wengi waliojiita Washirazi ili wasiitwe Waafrika walilazimika kutulia pia. Ila mfupa, kama sarafu, una mipaka yake. Husema kwamba mama alikuwa wa Afrika; hausemi kama alikuwa mke wa ndoa aliyetolewa mahari, au suria, au mwenye mji aliyemkaribisha mgeni kwake.

Tena vinasaba vya walio hai vina hatari ambayo karatasi haina. Mtu mmoja akitoa mate yake yapimwe, ametoa habari za nduguze, na za binamu zake asiowajua, ambao hakuna aliyewauliza. Yaweza kuonekana kwamba baba si baba. Mchunguzi mwema humweleza mtu hayo kabla ya kipimo, si baada yake, na huacha shauri lizungumzwe nyumbani kwanza.

Yanabaki mambo madogo ambayo wengi huyasahau kwa sababu ni madogo. Mzee aliyesimulia asomewe yaliyoandikwa, apate kurekebisha, na apewe nakala. Wengi wamesimulia kwa wageni na hawakuona tena hata ukurasa mmoja. Aliyenyamaza katikati ya habari asisukumwe. Neno "yasemwa" lisigeuzwe kuwa "ilikuwa" kwa sababu sentensi yapendeza zaidi hivyo. Na karatasi zenye majina ya walio hai zisichapwe zote kwa kuwa tu zimepatikana. Ziwekwe zikiwa zimefungwa, pamoja na barua inayosema nani alikubali nini, na zifunguliwe katika mwaka ambao wenye ukoo wenyewe wameutaja.